Trekta Kuukuu Halinunuliwi kwa Haya

Ng'ombe akifikishwa mnadani, hakuna anayemwonea haya. Pale Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mnunuzi humfunua mdomo ahesabu meno, humbonyeza nundu, humpapasa mbavu, kisha humwambia mwenye mali amtembeze mnyama wake huku na huku aone kama anachechemea. Mwenye ng'ombe hakasiriki. Anajua fedha za mwenzake zina uchungu, na anajua kwamba anayekagua ndiye aliyekuja kununua.

Mtu huyohuyo mpeleke akanunue trekta lililotumika, lenye bei ya kundi zima la ng'ombe. Utamwona ameweka mikono nyuma. Atalizunguka mara moja, atalipiga tairi teke, atasikiliza injini ikiunguruma, atasema "zuri hili", kisha atapokea soda na kukaa kwenye kiti alichowekewa. Kabla mahindi ya msimu huo hayajatoa mbelewele, atakuwa anahangaika kutafuta fundi.

Nayaandika haya kwa sababu nilikuwapo. Kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka soko la mahindi la Kibaigwa, wakulima 12 waliunda kikundi ili wanunue trekta. Baba yangu mdogo alikuwa mweka hazina. Kila mmoja aliuza ng'ombe watatu. Fedha zilifungwa kwenye khanga ya mama mdogo zikapandishwa basi, nami nikachukuliwa kwa kuwa nilikuwa kidato cha pili na ningeweza kusoma kadi. Tulilolikuta lilikuwa Massey Ferguson 165, limepigwa rangi nyekundu mpaka kwenye mipira ya rejeta.

Muuzaji alikuwa mzee wa heshima zake. Alitukaribisha wali na nyama ya mbuzi, akatuuliza habari za mvua za kwetu. Tulipotoka uani baada ya kula, dereva wake aligusa swichi mara moja tu na injini ikaitikia. Fundi tuliyekwenda naye alizoea magari madogo; akasema inapiga vizuri. Baba mdogo aliegemeza mkono ubavuni mwa injini, akauondoa upesi. Fedha zikahesabiwa.

Wiki ya kwanza ya kulima, trekta lilianza kutoa moshi wa bluu. Wiki ya pili likagoma kuwaka asubuhi, ikabidi kila jioni tuliegeshe kwenye mteremko. Wiki ya tatu oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Lilisimama katikati ya shamba la mjane mmoja aliyekuwa amelipia ekari mbili, na mvua za mwaka ule zikapita likiwa palepale. Miaka mingi baadaye nilimuuliza baba mdogo kwa nini aliondoa mkono siku ile. "Injini ilikuwa ya moto," akaniambia. "Waliiwasha sisi tukiwa ndani tunakula, ili ikija kuwashwa mbele yetu isisumbue. Nililijua palepale. Nikaona aibu kumuuliza mzee wa watu."

Aibu ile iligharimu ng'ombe 36. Nimeifikiria muda mrefu, na nimefikia mahali pa kusema kwamba haikuwa adabu, ingawa ilivaa nguo za adabu. Baba mdogo hakuwahi kumwonea haya muuza ng'ombe, maana ng'ombe anamjua tangu utotoni. Trekta hakulijua. Aliogopa kuuliza swali ambalo jibu lake asingelielewa, mbele ya wageni, huku wenzake 11 wakimtazama. Wauzaji wasio waaminifu wanaujua vizuri woga huo. Rangi mpya, mapokezi mazuri na injini iliyokwisha pashwa moto vyote vinaulenga. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nasi tumeficha ujinga wetu wa mashine hadi tumebaki na mashine zisizozaa.

Wala si sisi peke yetu. Kongwa, wilaya hiyohiyo ilipo Kibaigwa, iliwahi kuwa makao ya kosa hili kwa kiwango cha dola. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Viwanda havikuwa na matrekta mapya ya kutosha. Waingereza wakaenda kuokota yaliyoachwa na majeshi, yakiwamo matrekta na matingatinga ya jeshi la Marekani yaliyokuwa Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikapewa jina la Shervick. Mitambo hiyo ilishushwa Dar es Salaam ikapelekwa bara, na kabla mwaka wa kwanza haujaisha, mingi ilikuwa imelala ikisubiri spea na mafundi. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, nao ulimaliza iliyobaki. Mpango ulifutwa Januari 1951, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimezama. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, mvua na udongo zikiwamo. Lakini mojawapo ni hii: walionunua mitambo iliyotumika walihesabu idadi yake, hawakupima uhai uliobaki ndani yake.

Kuna watakaoniambia kwamba dawa ni kuachana na makuukuu. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, tumehimizwa kununua matrekta mapya na pawatila, na mikopo imefunguliwa. Mwenye uwezo anunue jipya, namwombea heri. Lakini mkulima wa ekari kumi, au kikundi kisicho na hati ya kiwanja cha kuweka rehani, hafiki huko. Tena trekta la zamani lina ubora wake usiohitaji kuombewa msamaha. Massey Ferguson 135, lililotengenezwa Coventry kuanzia 1964 hadi 1975, lina injini ya Perkins ya silinda tatu yenye nguvu za farasi zipatazo 45. Haina kompyuta. Pampu yake ya dizeli inaendeshwa na gia, haiulizi umeme. Fundi mwenye spana na akili timamu anaweza kuifungua chini ya mti na kuirudisha. Zaidi ya hayo, ndugu zake wa karibu wameendelea kutengenezwa Pakistan na India, ndiyo maana ringi, gasketi na noza zake hazijawa hadithi. Vyuma hivi vilijengwa vidumu. Kinachotushinda ni kutambua kipi bado kina maisha na kipi kimebaki ganda.

Basi, tuingie uani kwa muuzaji, safari hii mikono ikiwa mbele.

Jambo la kwanza hufanyika kabla salamu hazijaisha: weka kiganja kwenye injini. Iwe baridi kama jiwe la usiku. Trekta lililochoka huficha uchovu wake likiwa limepashwa moto, kwa sababu joto hupanua vyuma na kuziba mianya ambayo asubuhi ingeonekana. Ukikuta joto, sema kwa upole kwamba utarudi kesho alfajiri, na urudi kweli. Injini nzima ya dizeli, kwenye joto la nchi yetu, huwaka baada ya mizunguko michache ya stata. Ikihitaji kusukumwa, au mtu akija na kopo la petroli na kitambaa akipeleke kwenye njia ya hewa, umeshajibiwa.

Ikiwa bado baridi, fungua rejeta. Utando wa mafuta unaoelea juu ya maji unakuambia kwamba oili na maji vimeanza kutembeleana. Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi isikutishe; dizeli huichafua oili haraka, hiyo ni kawaida. Kinachotisha ni ile rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwa kupitia gasketi iliyoungua au chuma kilichopasuka. Itie shaka pia oili mpya inayong'aa kama asali na nzito kupita kiasi. Mtu huimimina jana yake ili injini inayogonga inyamaze kwa siku mbili. Muulize muuzaji aliibadilisha lini na kwa nini. Hilo ni swali la kawaida kama kuuliza ng'ombe amechanjwa lini.

Sasa iwashwe. Usitazame bomba la moshi kwa dakika moja ukaridhika. Litazame nusu saa, injini ikiwa imebeba kazi. Moshi mweusi kidogo trekta linapovuta ni jambo la kurekebishika: huenda chujio la hewa limeziba au noza zimechakaa. Moshi mweupe wa mwanzo hupotea injini ikipata joto. Ukiendelea kutoka, kuna maji au dizeli isiyoungua. Wa kuogopwa ni wa bluu, kwa sababu hiyo ni oili inayoungua. Kisha omba mfuniko wa kumiminia oili ufunguliwe injini ikinguruma. Mvuke mwepesi si neno. Lakini ikiwa inatoa pumzi nzito kwa mapigo, puf, puf, puf, mpaka unaisikia kiganjani, basi ringi zimekwisha na nguvu ya mlipuko inapita kando ya pistoni kwenda chini. Injini ya namna hiyo inafufulika, maana slivu na pistoni za Perkins hubadilishwa. Ila gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji, isitoke kwenye mavuno yako.

Tazama geji ya mgandamizo wa oili. Mshale unapaswa kupanda injini inapowaka tu, na usianguke chini kabisa injini ikiwa moto na imeachwa ikinguruma taratibu. Ikiwa geji imekufa, na mara nyingi imekufa, mwambie fundi wako afunge yake ya kupimia. Usikubali kuambiwa kwamba haina umuhimu. Injini isiyo na mgandamizo wa oili inajila yenyewe.

Mita ya masaa nayo usiitegemee. Nyingi zimesimama miaka, nyingine zimebadilishwa. Miguu na mikono ya madereva ndiyo iliyoandika historia ya kweli. Pedali ya klachi iliyolika mpaka ikawa laini kama kokoto ya mtoni, usukani unaozunguka robo nzima kabla matairi hayajajua, kiti kilichoshonwa mara tatu: vyote hivyo haviwezi kuwa vya trekta lililofanya kazi "masaa machache tu".

Endesha mwenyewe, au dereva wako aendeshe huku ukitembea kando. Pitia kila gia, ya mbele na ya nyuma. Gia inayoruka yenyewe trekta linaposhuka mteremko itakuua siku ukiwa na tela la magunia nyuma. Jaribu klachi mahali pa wazi: weka gia kubwa, kanyaga breki zote mbili, achia klachi polepole. Injini inapaswa kuelemewa na kuzimika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, klachi inateleza. Na hapo ukumbuke kwamba matrekta haya hayana chesisi kama lori. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti vikawa uti wa mgongo mmoja, kwa hiyo kubadilisha klachi ni kulitenganisha trekta katikati, nusu huku na nusu kule. Ni kazi ya siku nzima au mbili, tena ya mafundi wanaojua.

Haidroliki ndiyo hasa sababu ya kununua trekta, lakini ndicho kitu kinachokaguliwa kwa haraka kuliko vyote. Mikono mitatu ya nyuma inayobeba plau ilikuwa uvumbuzi wa Harry Ferguson, mtu wa Ireland, na jina lake limebaki kwenye bamba la trekta hadi leo. Hebu tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipomwona baba mdogo, mara yake ya pili kununua, akifanya kitu ambacho sijakisahau.

Muuzaji wa safari hiyo alikuwa ameinua plau ya diski tatu, ikapanda bila kusita. Wote wakatikisa kichwa kuridhika. Baba mdogo akasema ishushwe, kisha akaomba trekta likalime kwanza. Likalima karibu saa nzima kando ya zizi, mpaka oili ya giaboksi ikapata moto. Aliporudi akaomba plau iinuliwe tena na injini izimwe. Akaokota kipande cha mkaa jikoni, akasimamisha fito kando ya plau, akachora mstari pale ilipofika ncha ya diski ya mwisho. Halafu akakaa, akaomba maji ya kunywa, akaanza kuzungumza habari za malisho. Baada ya dakika kumi akainuka. Diski ilikuwa imeshuka upana wa vidole vinne.

Mantiki yake ni hii. Oili ikiwa baridi ni nzito, na uzito huo huziba uchakavu wa pampu na ringi za haidroliki. Ikipata moto huwa nyepesi kama maji, na penye mwanya hupita. Kwenye Massey Ferguson kama 135, pampu ya haidroliki imo ndani, imezama kwenye oili ileile ya giaboksi, kwa hiyo huwezi kuiona wala kuifikia bila kufungua. Unachoweza ni kuipa moto na kuisubiri. Kushuka taratibu kama kule kunavumilika kwa trekta la umri huo. Ikiwa inaporomoka ndani ya dakika moja, au inaruka-ruka kama inayoitikia kwa kichwa huku injini ikiwa imewaka, ujue kuna kazi kubwa ndani. Wala usimruhusu mtu apite chini ya plau iliyoinuliwa wakati wa jaribio hili.

Yaliyobaki ni ya jeki na kurunzi. Inua mbele, shika gurudumu juu na chini, ulitikise: mchezo utakaousikia ni wa beringi, kingipini na bushi. Matrekta ya kwetu hulima wiki chache na kubeba maji, matofali na mahindi mwaka mzima kwenye njia mbovu, ndiyo maana mbele huchakaa upesi kuliko mtu anavyodhani. Papasa ndani ya magurudumu ya nyuma. Palipolowa oili, sili imekufa, na oili hiyo inakwenda kulowanisha breki. Jaribu kila pedali ya breki peke yake, kisha uzifunge pamoja. Watu wetu hupanda tela kwenda msibani na mnadani. Breki za trekta ni roho za jamaa zetu, hazina punguzo la bei. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea pale injini inapokutana na giaboksi na pale ekseli ya mbele inaposhikilia. Kwa trekta lililotoka Ulaya, chungulia rimu kuzunguka valvu, kwa sababu huko wengi hujaza maji ya chumvi ndani ya tairi ili kuongeza uzito bila kuganda, na chumvi hiyo huila rimu polepole. Na palipo na rangi juu ya mpira, juu ya chuchu za grisi au juu ya uchafu uliogandamana, aliyepaka alikuwa anapaka macho yako.

Kuna ukaguzi mwingine ambao haufanyiki uani kwa muuzaji. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishikauchumba, nenda dukani kwa spea na orodha ya vitu vitano: gasketi ya silinda hedi, diski ya klachi, noza, sili za haidroliki, beringi za mbele. Ukivipata vyote kwenye duka la mji wako, trekta hilo lina ndugu. Ukiambiwa viagizwe, fikiri upya, hata kama chuma chenyewe ni kizuri namna gani. Miaka ya 1980 tuliunganisha matrekta ya Valmet ya Finland hapahapa Kibaha, na yalikuwa mashine imara. Lakini trekta, kama mtu, haliishi kwa nguvu zake peke yake. Linaishi kwa jamii inayolizunguka. Kisha linganisha namba ya bamba na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, na uulize kwa maandishi kama halidaiwi. Injini inaweza kuwa ilibadilishwa kihalali. Basi maelezo yawepo, na yawe na karatasi.

Wakati nao una bei yake. Mvua za Dodoma huanza kunyesha mwishoni mwa Novemba au Desemba, na wiki mbili kabla ya hapo kila trekta nchini linakuwa zima midomoni mwa madalali. Anunuaye Novemba ananunua akiwa amekimbizwa na mawingu. Nunua Julai au Agosti, mahindi yakiwa ghalani na matrekta yamepumzika kulima. Muuzaji ana muda, nawe una muda, na trekta lina muda wa kusema ukweli wake.

Sasa nina neno kwa vikundi, vyama vya ushirika na wote wanaochanga fedha za wengi. Aibu ya mtu mmoja huponywa na kanuni iliyoandikwa kabla ya safari. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao kwamba fedha hazitatoka mpaka trekta liwashwe likiwa baridi, lilime walau ekari moja, na liwashwe tena kesho yake. Hapo mweka hazina hatamhoji mzee wa watu kwa niaba yake mwenyewe; atasema tu kwamba kikundi kimeagiza. Andikeni pia kwamba fundi atalipwa na kikundi, kiasi kilekile, trekta likinunuliwa au likikataliwa. Fundi anayelipwa na dalali pale biashara ikikubali hawezi kuona ufa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wetu hapa ni fundi. Msimwache akawa wa upande wa pili.

Nazo halmashauri zetu nazisihi. Ng'ombe wa shilingi laki kadhaa hapiti mnadani bila jicho la daktari wa mifugo na kibali chake. Trekta lenye thamani ya kundi zima la ng'ombe hao linapita mikononi mwa watu bila jicho lolote. Haingekuwa gharama kubwa kila wilaya ya kilimo kuwa na fundi mmoja wa mitambo, mwenye geji zake na jeki yake, anayekagua trekta kwa ada inayojulikana na kuandika alichokiona kwenye karatasi yenye muhuri. Vijana waliosomea ufundi huo wapo, na wengi hawana kazi. Karatasi hiyo ingemlinda mnunuzi, na ingemlinda pia muuzaji mwaminifu, ambaye leo analazimika kushindana na rangi ya pilipili.

Maana waaminifu wapo, na hapo ndipo narudi kwa baba mdogo na fito yake yenye alama ya mkaa. Wenzake walitegemea kwamba muuzaji atachukia. Mtu kaja kwake alfajiri, kagusa injini kabla ya kuketi, kamlimisha saa nzima, sasa anampimia plau kwa mkaa. Yule mzee aliitazama ile nafasi ya vidole vinne, akaingia ndani, akarudi na gunia. Ndani yake mlikuwa na pampu ya zamani ya haidroliki iliyotolewa, risiti za ile iliyofungwa badala yake, na daftari la shule lililoandikwa tarehe za kubadilisha oili. Akasema sili hazikubadilishwa siku ile kwa kuwa hazikupatikana, na kwamba alikuwa akingoja kuona kama kuna atakayeuliza.

Walipatana palepale. Bei ilipunguzwa kwa gharama ya sili na siku moja ya fundi. Trekta halikuwa bila kasoro, na hakuna kuukuu lisilo na kasoro. Ila safari hii walijua kasoro wanayoinunua, jina lake na bei yake, wakaondoka nayo pamoja na lile daftari. Baba mdogo ndiye anayeliandika hadi leo, na siku ya kwanza ya kulima mwaka huu nilimkuta asubuhi ameweka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa, kama mtu anayemshika ng'ombe wake nundu kabla ya kumfunga nira.